Kona Iliyokunjwa na Kofia ya Bibi Oda

Jumapili, 16 Juni

Mtihani wa mwisho ni Alhamisi. Kemia, wa mdomo! Nisipofaulu wastani wangu hautoshi, na bila wastani hakuna kofia nyeupe ya kuhitimu. Bibi yangu Oda ameshainunua. Ameshashonesha jina langu ndani, Villads, kwa uzi wa dhahabu. Kofia iko ndani ya boksi lake juu ya kabati la sebuleni. Kila nikipita naangalia pembeni.

Mama ananiambia nisome. Nisome nini? Mada ziko kumi na moja! Mwalimu wetu Birthe atapanga karatasi mezani kifudifudi, kila mtu anaokota yake, na ulichookota ndicho unachoulizwa. Sasa mwenye akili timamu asome zote za nini? Mwenye akili anasoma moja, halafu anahakikisha anaokota hiyohiyo.

Nimechagua chumvi: majina na fomula za kampaundi za ayoni. Ni orodha tu. Nikiikariri nimemaliza.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekariri! Sodiamu kloraidi, NaCl. Kalsiamu kloraidi, CaCl₂. Magnesiamu oksaidi, MgO. Alumini oksaidi, Al₂O₃. Naziimba nikioga. Mama akagonga mlango akauliza kama naumwa.

Solvej, jirani yetu, yule anayejua kila kitu darasani, alinisikia kupitia dirishani. Akacheka. Eti naimba kama kasuku. Eti orodha ya nini, kuna kanuni moja tu, nimpe dakika kumi anionyeshe. Nikamwambia asante, nina shughuli. Dakika kumi! Tangu chekechea anajidai huyu.

Jumanne, 18 Juni

Leo darasa zima tumeosha vyombo vya maabara. Birthe akatoka kwenda kuchukua kahawa. Droo yake haina kufuli. Karatasi za mtihani zimo! Zile za chumvi ni mbili. Nikazikunja kona zote mbili, kidogo tu, kama ukucha.

Nageuka, Birthe huyu hapa mlangoni! Akauliza natafuta nini kwenye droo yake. Nikasema kitambaa. Akaniangalia. Akaniangalia tena. Akanipa kitambaa na trei nzima ya mirija michafu. Nimeisugua yote.

Jumatano, 19 Juni

Sijalala vizuri. Itakuwaje wa mbele yangu wakiziokota zote mbili? Mimi ni wa mwisho kuingia.

Nimemwambia Jeppe. Jeppe peke yake. Mpango mzuri namna hii kukaa nao moyoni ni mateso. Rafiki yangu huyo wa darasani akashika kichwa, akasema wewe Villads ni hatari. Ameapa kwa timu yake ya mpira wa mikono kwamba hatamwambia mtu.

Alhamisi, 20 Juni

Niandike haraka kabla sijalia.

Ukumbini nje ya chumba cha mtihani familia zimejaa na bendera ndogo. Mama yupo. Bibi Oda amekuja kwa treni tangu alfajiri, mapajani boksi la kofia ambalo Mama amelibeba kutoka nyumbani. Solvej akatoka na maksi ya juu kabisa, baba yake akamvika kofia, watu wakashangilia. Nikaitwa.

Birthe amekaa. Pembeni yake mtahini kutoka shule nyingine, bwana mwembamba, kimya. Mezani zimebaki karatasi tano. Nikaangalia kona.

Zote zimekunjwa! Zote! Moja imekunjwa mara mbili. Moja imekunjwa kona zote nne. Jeppe, we mshenzi!

Birthe akasema okota, Villads. Mtahini akatazama saa. Nikafumba macho nikaokota. Nikageuza.

CHUMVI! Nusura nimbusu mtahini!

Nikaanza kuimba orodha. Mtahini anaitikia kwa kichwa, anaandika, anaitikia tena. Naiona kofia kichwani mwangu. Kisha Birthe akaweka mezani chupa ya unga mweupe. Alumini kloraidi, akasema. Tuandikie fomula yake.

Haimo kwenye orodha! Alumini ninayo. Kloraidi ninayo. Lakini pamoja? Sijawahi kuziona pamoja! Nikaandika AlCl₂, kwa sababu kalsiamu ilikuwa hivyo. Mtahini akauliza kwa upole chaji ya alumini ni ngapi. Chanya tatu. Na kloraidi? Hasi moja. Kwa hiyo? Nikasema kwa hiyo basi. Nikafuta, nikaandika Al₂Cl₃, kwa sababu kwenye orodha alumini zilikuwa mbili. Birthe akafumba macho. Nikauliza kama hawapendi kuniuliza magnesiamu oksaidi.

Nimeanguka. Mtihani wa marudio ni Agosti.

Nilipofungua mlango Bibi Oda alikuwa ameshainua kofia kwa mikono miwili. Nikatikisa kichwa. Mikono yake ikabaki palepale hewani. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu.

Jumamosi, 22 Juni

Lori la wahitimu limepita leo nyumba kwa nyumba kama desturi, kila familia inawalisha, limepambwa matawi, muziki juu. Ratiba ilishapangwa, na sisi tumo. Mama alishanunua soseji. Basi wakashuka wote na kofia zao nyeupe, nami nikawahudumia kichwa wazi. Bibi Oda alikaa pembeni, boksi mapajani.

Jeppe akaja macho chini. Eti alimwambia mtu mmoja tu. Kumbe kila mtu alimwambia mtu mmoja tu, na kila mtu akaenda kwenye droo kukunja mada yake.

Solvej akanivuta kwenye kiti. Akaweka sahani katikati ya meza: hii alumini, ina mikono mitatu. Akachukua vikombe: hizi kloraidi, kila moja ina mkono mmoja. Panga mpaka usibaki mkono mtupu. Nikaweka kimoja. Viwili. Vitatu.

AlCl₃!

Mungu wangu. Nikajaribu kalsiamu, ikakubali. Nikajaribu alumini na oksijeni yenye mikono miwili, zikatoka mbili kwa tatu zenyewe! Orodha yangu yote ilikuwa humo. Na soseji yangu bado ya moto.

Bibi Oda alikuwa anasikiliza. Akamuuliza Solvej, mwanangu, huyu anaweza kufaulu? Solvej akasema anaweza kabisa, atakuja kunifundisha kila Jumanne Julai nzima, mada zote. Bibi akamshika mkono hakuuachia. Machozi yalimtoka. Yalinitoka na mimi.

Jumapili, 23 Juni

Nimefikiri sana. Solvej yuko sahihi, lazima nibadilishe njia. Kosa lilikuwa kona. Kona inaonekana na kila mtu! Agosti nitapaka karatasi ya chumvi nta ya mshumaa, kidogo, upande wa nyuma. Jicho haliioni, kidole kinaihisi.

Nimemtumia Solvej ujumbe asisumbuke Jumanne. Kofia imerudi juu ya kabati.

Nimemwambia Jeppe. Jeppe peke yake.