Neno Moja kwenye Ubao wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamatwa! Mimi, fundi cherehani, mcha Mungu, mwalimu wa kwaya! Kosa langu? Alfajiri nilifuta kwa rangi neno moja, moja tu, kwenye ubao wa shemeji, mjane wa kaka yangu, anayeshona ng'ambo ya barabara. Ubao ulisema "Fundi Bora wa Mtaa". Sasa unasema "Fundi wa Mtaa". Uongo ni dhambi. Nilikuwa naiokoa roho yake. Ila utepe wangu wa kupimia niliusahau ukining'inia kwenye msumari wa ubao. Una jina langu.

Sajini kasema sitapelekwa mahakamani nikikaa na shemeji, nikakiri, nikatengeneza nilichoharibu, naye akaridhika kufikia Ijumaa. Asiporidhika, jalada linakwenda. Na mchungaji keshasema mwenye kesi haongozi kwaya. Ee Mola!

Jumanne, 4 Machi
Kikao kituoni. Nilijiandaa: kitunguu mfukoni, cha kuleta machozi. Sikukihitaji. Shemeji alisema neno lile kaka aliliandika kwa mkono wake, wiki moja kabla hajalazwa. "Umemfuta kaka yako, shem." Nililia kama mtoto. Nikaomba radhi, na hapa sidanganyi, ilitoka moyoni. Sajini naye akapangusa macho. Ila yeye nadhani ni kitunguu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeazima ngazi ya kituo. Herufi nimezipima kwa utepe wangu, niliorudishiwa na Sajini, na, mazoea ya kazi, nikaacha vidole viwili vya mshono kila upande. Basi BORA ikatoka kubwa kuliko maneno mengine yote! Nikajua nimekwisha. Shemeji akaja, akatazama ile R. Nilikuwa nimeitupa mguu nje, kama alivyoiandika kaka. Akaugusa ule mguu kwa kidole. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu: eti marehemu mwenyewe hakuthubutu kumsifu hivi!

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Shemeji katia sahihi, jalada limefungwa, kwaya ni yangu. Sajini kanishika mkono mbele ya mtaa mzima, kasema mimi ni mfano wa kuigwa. Wateja wamepanga foleni. Kwa shemeji, lakini sina kinyongo. Nimesamehewa, moyo mweupe pe!

Rangi imebaki nusu kopo. Ngazi bado iko kwangu. Na kinyozi wa jirani kaandika ukutani "Hakuna Kama Mimi". Uongo mtupu! Roho yake nani ataiokoa?

Safari hii utepe nauacha nyumbani.