Mashine ya Kumwitikia Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kapiga simu tena wakati wa chakula. Goti lake, majirani zake, paa lake linalovuja. Chakula kimepoa. Nikikata simu, mke wangu ananuna. Basi! Nimejifungia stoo, karakana yangu, mahali pekee nyumbani humu ninapojiona bwana. Spika ya redio mbovu, waya, sauti yangu niliyorekodi: “Naam, mama.” “Kweli kabisa, mama.” “Haina shida, mama.” Naweka simu mbele ya mashine. Mama akinyamaza kuvuta pumzi, mashine inaitikia.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwonyesha fundi simu wa mtaani. Kauliza itakuwaje siku mama akiomba kitu. Wivu! Kutwa kubadilisha vioo vya simu, atajua nini kuhusu uvumbuzi?

Jumatano, 5 Machi
Imefanya kazi! Mama kaongea mpaka kachoka, mimi nimekula cha moto huku natazama mpira. Baadaye akamwambia binti yake kwamba mkwe kabadilika, siku hizi ana masikio. Mke wangu kaniongezea nyama bila kuombwa. Raha iliyoje!

Ijumaa, 7 Machi
Gari limesimama mlangoni. Mama mkwe, kitanda, cherehani, masanduku. Eti jana aliniomba ahamie stoo kwetu, nikajibu haina shida. Akauliza kama vifaa vyangu vitolewe. Kweli kabisa, mama! Nilitaka kusema ukweli, lakini mke wangu alikuwa kanishika mkono, analia kwa furaha. Nikabeba kitanda. Karakana yangu! Roho inaniuma.

Jumapili, 9 Machi
Sasa nafanyia kazi chini ya meza ya jikoni. Mama anaongea nami ana kwa ana, simu haina msaada tena. Nimetafakari, nimegundua kosa: sauti. Mashine ilisema mno! Kwa hiyo nimetengeneza kofia. Mama akinyamaza, mota ya feni kuukuu iliyo ndani yake inavuta uzi uliofungwa kwenye kifungo cha shati, kichwa kinainama chenyewe. Kimya kimya. Nimeivaa mezani mchana, nikasinzia kwa starehe. Nimezinduka mama ananishukuru kwa machozi, mke wangu anahamisha nguo zetu kutoka chumbani. Sijui tumekubaliana nini.

Ila kofia imefanya kazi!