Mwigizaji Wenu Amebaki na Saini Yangu

Kwa Meneja wa Kundi la Maigizo,

Natumaini wewe na waigizaji wako hamjambo, hata yule anayechomwa kisu kila jioni kisha akaamka kupigiwa makofi.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na nakusanya saini za waigizaji wa jukwaani. Chini ya kitanda nina boksi la viatu lenye vijitabu vya maonyesho, kifungo cha koti la jenerali, na nusu ya upanga wa mbao uliosainiwa na aliyeuvunja. Kaka yangu huliita jalala lenye mfuniko. Simjibu. Sijibu watu wengi. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, na nikifika kwenye mlango wenu wa nyuma zote mbili hunikimbia. Ndiyo maana nalalamika kwa maandishi.

1. Mfalme. Jukwaani alimfukuza mwanawe bila kupepesa jicho, nami nikamwogopa inavyostahili. Halafu akatoka nje na kandambili, anamenya chungwa, akaniuliza, "Umekula, mwanangu?" Kijitabu changu kikanukia chungwa. Naomba wafalme watoke na mataji yao, wasaini, wapite.

2. Malkia ananitania. "Huyu tena! We binti, kwenu hawakutafuti?" Wenzake wakacheka. Ni kweli nimekuja kila onyesho, lakini nilikuwa nabadilisha sweta ili nisijulikane. Naomba waigizaji wafundishwe kusahau nyuso.

3. Hili ndilo lenyewe. Katika mchezo wenu yuko mjakazi anayebeba sinia la vikombe. Hana neno hata moja. Malkia anapoletewa habari kwamba mwanawe amekufa, watu wote humtazama malkia. Mimi humtazama mjakazi, anavyoliteremsha sinia taratibu mpaka sakafuni bila kikombe kugonga kikombe, na hapo ndipo machozi hunitoka. Darasani nikiulizwa swali natazama viatu. Sikujua mtu anaweza kunyamaza mbele ya ukumbi mzima na bado akaonekana. Saini yake niliitaka kuliko zote.

Jumatano akatoka. Nikampa kalamu na kijitabu chenye saini za kundi zima, ikibaki yake tu. Nilitegemea atanyamaza, maana ndiyo kazi yake. Badala yake akasema, "Jamani, mdogo wangu, mimi? Hakuna aliyewahi kuniomba. Niandike kwa nani?" Sauti ikagoma. Akanirudishia vyote viwili: "Haya, niandikie jina hapo, nisije nikakosea."

Nikaandika jina langu, la baba na la babu, na kidato, nikapiga mstari chini kwa kutumia ukingo wa kitambulisho. Kisha nikafanya kile ambacho mkono wangu umezoea kufanya nikishamaliza kuandika jina na kidato: nikamkabidhi kijitabu kama karatasi ya mtihani, nikasema, "Asante, mwalimu," nikatimua mbio na kalamu.

4. Kwa hiyo, Meneja, mtu aliyekuja kuomba saini ameacha yake. Mlinzi wa mlangoni ananiambia kijitabu kimebandikwa kwenye kioo cha chumba cha kuvalia, na mjakazi anawaita watu: "Njooni muone, na mimi nina shabiki! Yuko kidato cha tatu!" Mfalme amesoma. Malkia amesoma, na sasa anamjua babu yangu. Jumamosi ni onyesho la mwisho, kisha mtapakia mapazia kwenye lori muende mji mwingine, na jina langu litasafiri na kundi la maigizo wakati mimi mwenyewe sijawahi kupanda jukwaa hata kuchukua cheti.

5. Nadai, kwa heshima: kijitabu kirudishwe kikiwa na saini ya mjakazi, mlango wa nyuma utobolewe tundu la kupitishia kijitabu na kalamu, watu wasionane, na tundu likishindikana, onyesho la Jumamosi liahirishwe mpaka nitakapokuwa mtu mzima mwenye sauti.

Naomba haya yashughulikiwe haraka na kimyakimya. Nisalimie fundi wa taa, mlinzi na malkia. Mfalme mwambie nilikuwa nimekula.

Wako katika malalamiko,
Jina liko kwenye kioo chenu.

Nyongeza, juu ya bahasha: Nimeileta barua mwenyewe, na mlinzi ameniambia nisubiri. Mlango wa chumba cha kuvalia uko wazi. Nimemwona mjakazi akifunga kilemba mbele ya kioo, akaweka vidole viwili juu ya jina langu, akavuta pumzi, ndipo akachukua sinia. Mlinzi anasema tangu Jumatano haingii jukwaani bila kufanya hivyo. Tafadhali, kijitabu kisirudishwe. Huko muendako kibandikwe tena, karibu na taa. Mlango msiutoboe. Jumamosi nitakuja na kijitabu kipya, na dada mjakazi akiniuliza aandike kwa nani, mwambie asinipe kalamu. Anisubiri tu kidogo.