Viatu Vilivyotoka na Mimi

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeonyesha tena kwamba mimi si mtu wa kuchezewa.

Nilimpelekea Baba chakula cha mchana dukani. Baba ni mlinzi wa duka kubwa la nguo na viatu. Hukaa mlangoni na kukagua mikoba ya wanaotoka, na hana mchezo. Hata Mama Risiti, mwenye duka, hukaguliwa mkoba wake na kuufungua bila kinyongo. (Jina hilo tumempa sisi. Ukimsalimia tu, anauliza risiti iko wapi.)

Sasa, sehemu ya viatu kuna muuzaji mmoja, Manukato. Anajipulizia mpaka nzi wanahama. Aliponiona nimeshika kiatu cheusi cha ngozi, akaniambia nisikichoshe bure, hicho si cha miguu ya aina yangu. Aina yangu! Nikavua vyangu, nikavaa vile, nikatembea mbele ya kioo kama bwana harusi. Vilinikaa kama nilizaliwa navyo. Manukato akaitwa na mteja mwingine. Mimi nikaendelea na maringo. Mara Baba akanipigia kelele kutoka mlangoni: nazuia watu njia, nichukue chombo niende zangu. Nikamkimbilia. Akakagua mkoba, akafunua hata kifuniko cha chombo, akanisukuma nje kwa mkono wake mwenyewe.

Njiani nikashangaa barabara imekuwa laini. Kokoto hazichomi. Nikasema moyoni, hatimaye wameitengeneza. Nyumbani mdogo wangu wa kike, mwenye mdomo kuliko umri wake, akaniuliza hiyo miguu nimeiazima kwa nani.

Nikatazama chini. Salaale.

Kuvirudisha? Nilifika mpaka getini kwetu. Halafu nikamwona Manukato kichwani mwangu, meno yote nje. Nikageuka. Nikafikiri vizuri, kwa akili ile ile iliyowashinda walimu mpaka wakanipumzisha shule. Mimi nina vyao, wao wana vyangu. Huo si wizi. Tumebadilishana. Kama kuna anayelalamika, aje.

Jumatano, 5 Machi

Wamelalamika.

Nimekwenda na chakula, nimevaa kandambili, uso mkavu. Mlangoni, juu ya kiti cha Baba, viatu vyangu vimening'inizwa kwa waya. Chini yake karatasi: MWENYE VIATU HIVI ANATAFUTWA. Watu wanasimama kuvicheka. Ubavuni kuna kiraka cha mpira wa baiskeli kilichoshonwa kwa uzi wa kijani. Kiraka safi tu! Alikishona Baba, kibarazani kwetu, akilalamika kwamba natembea kama nakanyaga moto.

Baba alikuwa amekaa chini yake, anatazama barabara. Akapokea chakula, akasema asante mwanangu. Nimegundua kwamba macho ya mzee yameanza kuchoka. Hakuvitambua! Bahati yangu hiyo. Nikapita huku napiga mluzi.

Jioni bahati ikapungua. Baba alimweleza Mama, mimi nikiwa hapo hapo nakula, kwamba Mama Risiti amempa mpaka Jumamosi. Viatu vimepita mlangoni kwake. Basi ama mwizi apatikane, ama Baba avue sare, aiache kaunta. Baba anailinda hiyo sare kuliko sisi. Huipiga pasi mwenyewe, Mama haruhusiwi hata kuigusa kola. Alipomaliza kusema akanitazama. Nadhani alitaka chumvi. Nikampa.

Jumatano hiyo hiyo, baadaye kidogo

Mpango umepatikana. Nina kichwa, basi tu.

Vitarudi dukani jinsi vilivyotoka: kimya kimya. Baba hukagua wanaotoka, hakagui wanaoingia. Nitabeba vyombo viwili vya chakula vinavyofanana. Kimoja cha Baba. Kingine kina kiatu, kesho cha kushoto, keshokutwa cha kulia. Vyote viwili havienei, nimejaribu. Nitakiingiza kile chombo chini ya rafu ya viatu, Manukato atakikuta, atadhani ni uzembe wake mwenyewe. Baba anabaki na sare, Manukato anagombezwa. Nani mwingine mtaani kwetu angewaza hivi?

Alhamisi, 6 Machi

Vyombo vinafanana mno.

Nimempa Baba chombo chake, nikaenda sehemu ya viatu, nikajifanya nafunga kamba, ingawa kandambili hazina kamba, nikasukuma chombo cha pili chini ya rafu. Safi kabisa. Nikageuka kumtazama Baba anavyokula.

Baba akafunua. Akatazama ndani. Akafunika tena, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Akamwambia mwuza magazeti wa pale nje, aliyekuwa anangoja kuonjeshwa, kwamba leo hana njaa.

Kule nyuma Manukato akapaza sauti akiuliza ni nani ameleta maharage kwenye viatu vya wanaume.

Sikungoja ajibiwe.

Inawezekana Baba hakuona vizuri. Ngozi nyeusi, chombo kirefu, kivuli. Inawezekana. Lakini jioni nimekuta kiatu cha kushoto mlangoni mwa chumba changu. Amekifuata na cha kulia uvunguni, akavipanga pamoja, akavipiga rangi vikang'aa. Bora angenichapa. Mtu akikuchapa, unajua mmemalizana.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amenikamata jikoni. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

Aliniambia Baba alivijua viatu vile Jumanne ile ile, kabla hata havijatundikwa. Manukato aliviokota chini ya benchi akauliza ni takataka ya nani. Baba akaona uzi wa kijani, akanyamaza. Na tangu siku hiyo anakaa chini yake, kila mteja anamwuliza kama mwizi amepatikana, naye anajibu bado. Mtu asiyeweza uongo, ambaye hata mvua ikinyesha hasemi ni manyunyu.

Nikamwuliza Mama kwa nini basi asinitaje, yaishe. Mama akasema hawezi kumkabidhi mwanawe, na hawezi kuendelea kudanganya. Kwa hiyo kesho ataivua sare mwenyewe.

Nikamwambia mimi si mwizi. Viatu vilitoka na mimi, mimi sikutoka navyo. Na nilijaribu kuvirudisha, shahidi ni maharage.

Mama akaacha mchele.

"Baba yako haningojei mimi, wala hangojei viatu," alisema. "Anangoja mdomo wako. Mdomo ambao siku nyingine zote haufungwi hata kwa kufuli."

Mdogo wangu wa kike akacheka kule nyuma ya pazia. Nikamrushia kijiko.

Kwenda pale nikainamisha kichwa mbele ya Manukato? Sahau. Kama nitakwenda, nitakwenda kwa miguu yangu, kichwa juu, na kwa sababu zangu mwenyewe. Nimeipata sababu. Nakwenda kudai mali yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevaa vile viatu vipya, nimechomekea shati. Mtaa mzima umegeuka. Nimefika mlangoni, duka limejaa. Baba amesimama badala ya kukaa, vifungo viwili vya sare viko wazi. Mama Risiti yuko kaunta. Nikanyoosha kidole juu kwenye waya, nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba nimekuja kuchukua viatu vyangu, vimetundikwa hapa siku zote hizi bila ruhusa yangu.

Hata mashine ya hesabu ilinyamaza.

Manukato akaruka kutoka kwenye rafu zake akinionyesha miguuni, mwizi huyo, kavivaa. Nikamwuliza alimwona wapi mwizi anayeacha viatu vyake ili watu wamjue. Watu wakacheka. Nikavimba. Nilikuwa na hotuba nzima, nimeifanyia mazoezi bafuni, sehemu ya pili ilimhusu yeye na marashi yake.

Mama Risiti hakucheka. Alimgeukia Baba, akamwuliza kama anamfahamu kijana huyu.

"Ni mwanangu," alisema Baba. "Na hivyo juu nilivishona mimi. Nilivijua tangu siku ya kwanza, mama. Nimekuficha."

Akaanza kifungo cha tatu.

Hapo hotuba ikanipotea yote. Sijui ilikwenda wapi. Nilichosikia ni sauti yangu, nyembamba kama ya mdogo wangu, ikisema Baba hakukosea. Alikagua mkoba, akakagua chombo, kila alichofundishwa kukagua alikikagua. Kosa lilikuwa miguuni kwangu, na miguu ni yangu. Kama ni kuvua, navua mimi. Nikavua pale pale, nikasimama na soksi. Soksi zilikuwa na matundu, lakini nilisimama.

Mama Risiti alimtazama Baba. Akamwuliza kwa nini alinyamaza. Baba akasema alitaka nije mwenyewe. Akasema ilikuwa karibu nisije.

Mimi nakataa. Haikuwa karibu hata kidogo.

Hukumu: Baba afunge vifungo, arudi kwenye kiti, na kuanzia leo akague na miguu. Viatu vimeshakanyaga tope, haviuziki, nibaki navyo. Lakini kila Jumamosi nije sehemu ya viatu kuwavisha wateja, bila malipo, chini ya Manukato, mpaka Mama Risiti aseme basi. Manukato alikunja uso kama kala ndimu na maganda yake.

Kwa ufupi: nimeingia nikiitwa mwizi, nimetoka na kazi. Baba tumerudi naye kwa miguu. Njia nzima alinishika bega, akaliachia tulipofika kwetu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kwanza kazini. Tayari nimemzidi Manukato.

Yeye anawakalisha wateja kwenye benchi, anawaambia watembee mpaka kwenye kioo. Kioo kinajua nini? Kiatu hakijulikani kwenye vigae. Kiatu hujulikana kwenye kokoto, nani ajuaye zaidi yangu? Akaja bwana mmoja mnene, mpole, anataka vile vya kahawia vya bei mbaya. Anasitasita. Nikamwambia usinunue kwa macho, toka navyo nje, zunguka mtaa, uvisikilize. Akafurahi sana. Akasema hajawahi kupata huduma kama hii.

Mlangoni Baba akainama kumkagua miguu, sawasawa na amri. Nikampungia mkono kutoka kwenye benchi, nikamwambia Mzee, mwache, huyo yuko na mimi. Baba akasita. Akanitazama. Akampisha.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Sasa wanafunga milango, na Manukato anaulizia vile vya kahawia viko wapi.

Mimi sina wasiwasi. Kandambili za yule bwana hizi hapa, chini ya benchi. Atazifuata tu. Mimi mwenyewe si nilirudi?