Viatu Vilivyobaki Mlangoni

Leo nimeaibika. Sio aibu ndogo ya kumwita mwalimu "mama" mbele ya darasa. Hii ni aibu kubwa, yenye mashahidi, na alama zake ziko kwenye kapeti la watu. Nawaambia mapema kabla hamjasikia kutoka kwa ndugu yangu Wekesa, kwa sababu yeye huongeza chumvi.

Kwa wale ambao hatujaongea siku nyingi: nilimaliza chuo, nikatafuta kazi, kazi haikuonekana. Nikaanza kutengeneza viatu nyumbani kwetu, mtaa wa Free Area. Viatu vya ngozi, vile vya kuvaa na suti, kwa mkono, kuanzia kukata hadi kushona soli. Nilijifunza kwa video za mtandaoni na kwa kuharibu ngozi nyingi. Mama alinipa kona ya meza ya jikoni. Gundi ikamwagika kwenye unga, akanihamishia nje kwa veranda.

Viatu vya kwanza vilifanana na viazi. Vya pili vilifanana na viatu, lakini vya watu wawili tofauti. Hivi vya tatu vilitoka vizuri. Vyeusi, mdomo umechongoka kidogo, uzi umenyooka pande zote. Mimi sio mtu wa kujisifu (huwa najisifu kichwani, halafu najipinga), lakini hivi hata Wekesa alivigeuzageuza akauliza nimevinunua wapi.

Sasa, mpenzi wangu anaitwa Njeri. Baba yake analima viazi Dundori na ni mzee wa kanisa. Njeri alipomwambia kwamba kijana wake ana digrii ya takwimu na anashona viatu, mzee aliweka kikombe chini. Kisha akauliza kama hiyo ni kazi ama ni mchezo wa kungojea kazi. Njeri akamwambia nitakuja mwenyewe nimwonyeshe. Mzee akasema sawa, aje Jumamosi.

Jumamosi ndiyo leo.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Naenda nimevaa viatu. Naketi. Mzee ananiuliza nafanya kazi gani. Nanyoosha mguu wa kulia kidogo, bila haraka, nasema, "Ni hii, mzee." Basi. Viatu vinamalizia maneno. Nilifanya mazoezi ya kuketi hivyo sebuleni mpaka mama akauliza kama nimeumia nyonga.

Shida yangu mnaijua. Mimi nikipewa mpango rahisi lazima niufikirie mpaka uugue.

Jana jioni nilianza kuwaza: mtu akichungulia ndani ya kiatu je? Ndani ngozi ilikuwa na rangi yake ya kawaida, kama chai iliyokosa majani. Nikaona hiyo itaonekana kama kazi nusu. Nikachukua rangi nyeusi ya ngozi, nikapaka na ndani. Hakuna fundi anayepaka rangi hiyo ndani ya kiatu. Sasa najua kwa nini.

Asubuhi nikavivaa, nikatembea kwenye veranda. Kila hatua, kwii. Kwii. Soli ya ndani ilikuwa inasuguana na ya chini. Nikajiona nikiingia kwa wakwe nikilia kama mlango wa choo. Nikaibandua soli ya ndani, nikamwaga gundi. Sio kupaka, kumwaga. Gundi ya viatu huachwa ikauke polepole kabla ya kuvaa. Mimi niliipepea kwa kifuniko cha sufuria, na Wekesa alikuwa tayari anapiga honi nje. Nikavaa soksi mpya, nyembamba, za heshima. Nikaingiza miguu. Mlio ulikuwa umeisha. Nilifurahi sana, kama mjinga.

Wekesa alikuwa ameazima gari la rafiki yake. Ilikuwa imenyesha Dundori usiku kucha, na karibu na kwa kina Njeri barabara ikakataa gari. Tukashuka tutembee. Hilo nilikuwa nimelifikiria. Nilikuwa na karatasi mbili za mkate, zile za plastiki, mfukoni. Nikavisha viatu, moja kwa kila mguu, nikafunga na mipira kwenye kifundo.

Wekesa akaniangalia miguu. "Umevaa mkate?"

Nikamwambia matope hayajui digrii. Akasema hata yeye ameanza kuwa na wasiwasi kama digrii inanijua.

Tulipofika kwenye geti nikazitoa zile karatasi, nikazificha mfukoni. Viatu vilikuwa vinang'aa. Hakuna tone la matope. Ndani miguu ilikuwa imechemka kama githeri kwenye sufuria, lakini ndani hakuna anayeona. (Kumbukeni hilo.)

Tukafika mlangoni. Na hapo ndipo nikaona safu ya viatu nje ya mlango. Gumboots, slipasi, viatu vya kina mama, vyote vimepangwa ukutani.

Mnajua vile sisi hufanya. Mgeni anauliza, "Nitoe viatu?" Mwenye nyumba anajibu, "Wacha, ingia tu navyo," hata kama moyoni analia. Ni hivyo tangu nizaliwe. Kwetu sakafu ni simiti, hata hatuulizani. Nilikuwa nimefikiria mvua, matope, mlio, na mtu wa kuchungulia. Mlango sikuufikiria hata kidogo. Lakini sikushtuka, kwa sababu najua jibu la hilo swali.

"Nitoe viatu?" nikauliza, mguu mmoja tayari hewani.

"Eeh, toa," Mama Njeri akasema.

Nikarudisha mguu chini. Nilitazama nyuma yake nikaelewa. Kulikuwa na kapeti jipya, la rangi ya maziwa, bado lina mikunjo ya dukani. Lilikuwa limetandikwa kwa ajili yetu. Wekesa akavua viatu vyake, akaingia, akaketi, akapewa chai. Ndugu yangu wa damu. Hakugeuka nyuma.

Nikasema niko sawa tu hapo nje, kuna hewa nzuri. Njeri alikuwa amesimama karibu na kabati, akanikazia macho. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake akitazama mlango moja kwa moja. Nikafikiria kumwambia hapo hapo mlangoni, "Mzee, ni hii," ninyooshe mguu kutoka nje. Nikafikiria kumuomba Mama Njeri gazeti la kukanyagia. Nikafikiria kuugua. Nilifikiria sana mpaka watu waliokuwa wakiongea wakageuka kunitazama.

Basi nikainama, nikavuta kiatu cha kulia.

Hakikutoka.

Nikavuta tena. Mguu ulisonga kidogo, soksi ikabaki pale pale. Hapo ndipo nikakumbuka gundi. Ilikuwa imepita kwenye soli ya ndani na kuikamata soksi, na joto la zile karatasi za mkate limemalizia kazi. Mguu, soksi na kiatu vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

Shangazi yake Njeri alikuwa akitoka jikoni na thermos. Wanamwita Tata Wambui, na ni mama mwenye nguvu. Akauliza kama nina kidonda. Nikasema hapana. Akauliza kama soksi zimetoboka, kwa sababu kama ni hiyo nisijali, hata wachungaji hutoboka. Nikasema ni mpya. Akaweka thermos chini, akaketi kwenye ngazi, akashika kisigino changu kama mtu anayekamua ng'ombe.

"Shika mlango," akasema.

Nikashika. Akavuta. Mguu ukachomoka ndani ya soksi kama kiazi kilichochemka kinavyotoka kwenye ganda. Soksi ikabaki ndani ya kiatu, imesimama wima, kama bado inamngojea mtu. Akahamia kwa wa kushoto. Huo nao vivyo hivyo. Akaviweka viatu vyangu kwenye safu, soksi zangu zikiwa ndani, akaniambia niingie chai inapoa.

Nilishukuru sana. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetoka hospitali. Sikuangalia chini. Nikasema moyoni, miguu mitupu sio dhambi, sasa lililobaki ni adabu.

Na adabu ni kusalimia. Huwezi kuketi kwa watu kabla ya kumpa mkono kila mmoja, na kwa wakwe ukiruka mtu mmoja, huyo ndiye atakayeulizwa maoni. Nikaanza upande wa mlango. Nikazunguka sebule yote, mkono kwa mkono, nikiinama, nikiuliza habari za mvua. Nilipokaribia kiti changu nikagundua nimemruka shosho, yaani nyanya yake Njeri, ambaye alikuwa kwenye kona nyuma ya mlango na blanketi magotini. Nikarudi. Nikakata katikati ya kapeti, nikamsalimia kwa mikono miwili. Nikarudi tena kwenye kiti.

Nikaketi. Nikaona hakuna anayenywa chai.

Njeri alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Wekesa alikuwa anatazama dari. Nikafuata macho ya wengine, nikaangalia chini.

Miguu yangu ilikuwa myeusi. Sio michafu. Myeusi tititi, kuanzia vidole hadi kifundo, inang'aa kama sufuria ya kuni. Rangi niliyopaka ndani ilikuwa imelowa jasho, ikapita kwenye soksi za heshima. Na kwenye kapeti la rangi ya maziwa kulikuwa na nyayo zangu. Visigino, vidole, kila kitu. Zilizunguka sebule yote kwa heshima, mbele ya kila kiti, zikasimama hapo vidole vikimwelekea mwenye kiti. Halafu kukawa na njia moja ya kwenda kwa shosho na nyingine ya kurudi.

Nilitaka kusema pole. Mdomo ukatoa kitu kingine. Nikasema, "Ni rangi nzuri, haitoki kwa urahisi."

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa mwenye kapeti.)

Mama Njeri aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na karai ya maji moto na sabuni ya kipande, akaiweka mbele yangu. Nikaketi pale na miguu kwenye karai, mbele ya ukoo, kama mtoto aliyetolewa shambani. Maji yakawa wino. Miguu haikubadilika.

"Sasa huyu hata akikana kesho," Tata Wambui akasema, "hawezi kusema hakufika hapa."

Shosho ndiye alicheka kwanza. Alicheka mpaka blanketi likaanguka, halafu nyumba nzima ikamfuata. Wekesa, ambaye ni damu yangu, alicheka kuliko wote.

Baba Njeri hakucheka. Aliinuka polepole, akapita ukingoni mwa kapeti, akatoka nje. Nilijua imeisha. Nilikuwa nimeanza kupanga vile nitamwambia mama, na kama Njeri atanirudishia sweta niliyomwazima. Kisha nikaona mzee ameinama kwenye safu ya viatu. Akachukua changu cha kulia. Akaivuta ile soksi. Haikutoka. Akakiweka kiatu katikati ya magoti, akavuta kwa mikono yote miwili. Soksi ikarefuka kama mpira wa manati, ikarudi. Akapinda soli. Akapitisha kidole kwenye mshono, pande zote, taratibu, vile mtu hupima mbegu. Akarudi ndani akiwa amekishika.

"Hii alibandika nani?"

Nikasema ni mimi.

"Na kushona?"

"Ni mimi, mzee." Niliketi wima, miguu kwenye karai. Kunyoosha mguu haingewezekana. "Ndiyo kazi yangu."

Akatazama kiatu, akatazama kapeti, akatazama kiatu tena. Akasema vile anavyovaa kanisani vimefungua mdomo tangu mwaka jana, na kila fundi akimrudishia, mbegu za viazi huwa hazijamea na tayari vimefunguka tena. Akauliza kama naweza kutengeneza namba tisa.

Nikasema naweza.

"Basi tengeneza. Lakini ndani," akasema, "ndani usipake kitu."

Kisha akaketi, akaniuliza kama nakula nyama. Ndivyo nilivyojua imepita. Tulikula, tukaombewa, na tukaongea mambo ya viazi mpaka jua likaanza kushuka. Niliondoka nimevaa slipasi za Mama Njeri, za rangi ya waridi zenye maua juu. Viatu vyangu nilivibeba mkononi, soksi zangu zikiwa ndani, kwa sababu mpaka sasa hazijatoka.

Mama Njeri alitusindikiza hadi kwenye geti. Tangu lile "toa" hakuwa ameniambia lolote zaidi ya "ongeza chakula." Aliagana na Wekesa, akanigeukia.

"Siku ile utarudi," akasema, "usiulize. Ingia tu navyo."

Nimefika nyumbani, nimesugua miguu kwa mafuta ya taa, kwa ndimu, na kwa jiwe. Bado ni myeusi. Nimekaa hapa nikiwaza kama alisema "utarudi" kwa roho safi ama ni adabu tu, vile watu husema "ingia tu navyo." Kesho ni kanisa na sina soksi nyingine. Msicheke. Na kama ni lazima mcheke, fanyeni hivyo mkinitumia namba za viatu vyenu, kwa sababu sasa nina kazi, na kapeti la kulipa.