Mwambie Mumeo Breki Kwanza

Jumamosi, 7 Juni

Nimenunua gari. Umri wake unakaribia wangu, rangi ya maini, refu kama korido ya hospitali. Aliyeniuzia ni daktari wa meno mstaafu aliyelifunika turubai miaka mingi. Aliniambia halina tatizo lolote ila kutotembea. Nikamwambia mimi pia nasemwa hivyo hivyo. Tukaelewana.

Limefika likivutwa kwa kamba. Jirani wa Rimoti akachomoza kichwa juu ya ukuta. Namwita hivyo kwa sababu geti lake na gari lake hufunguka kwa kidude cha mfukoni, na hataki mtu asahau. Akauliza kwa upole kama nimenunua gari au nimerithi msiba. Nikamjibu kwamba gari lake litafia kwenye kompyuta, langu litafia barabarani kama shujaa. Akasema hilo ndilo linalomtisha, maana barabara hiyo na yeye anaitumia.

Mke wangu akatoka na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Akafungua mlango wa nyuma. Kitini palikuwa na kuku analalia mayai. Kuku wa daktari wa meno, amevutwa mji mzima na hajashtuka. Mke wangu akasema angalau yupo mmoja mwenye imani na hili gari.

Nimenunua kwa ajili ya biashara. Maharusi watalipigania. Naandika hapa wazi, asije mtu akasema nimelinunua kwa ajili ya baba mkwe.

Baba mkwe yuko kwetu tangu mama mkwe afariki mwaka jana. Alikuwa dereva wa wakubwa maisha yake yote. Sasa haendeshi kitu, hata mazungumzo. Alhamisi alitangaza kwamba mwisho wa mwezi anarudi nyumbani kwake, peke yake, asije akawa mzigo kwa mtu. Tangu hapo mke wangu, fundi cherehani asiyekosea, ameshona shati la sare lenye mikono miwili ya kushoto. Mimi halinihusu. Nataka chumba kwa ajili ya vitabu vyangu.

Jioni mzee alitoka barazani. Akalitazama gari. Akarudi ndani. Nikasema basi, limemchosha. Akatoka tena, amevaa viatu.

Jumapili, 8 Juni

Nimeandika mpango wa matengenezo ya kwanza, nikaubandika jikoni. Kwanza honi. Pili rangi. Tatu bampa la mbele ling'arishwe mpaka Jirani wa Rimoti aone sura yake humo na ajutie maisha.

Mzee aliusoma akiwa amesimama karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi yangu. Kisha akamgeukia mke wangu. "Mwambie mumeo breki kwanza."

Hili linahitaji maelezo. Tangu nimwoe binti yake, mimi na baba mkwe hatujawahi kusemezana zaidi ya salamu. Kwa upande wangu ni heshima. Kwa upande wake sijathubutu kuuliza. Mengine yote hupitia kwa mke wangu. Nikamwambia mke wangu amwambie baba kwamba gari hujulikana kwa honi. Baba akasema mwambie mumeo honi ni ya kuwaaga watu anaokwenda kuwagonga.

Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Nalipwa kutafuta makosa ya watu. Nimebishana na wahariri, wanasheria na profesa mmoja aliyelia. Baba mkwe habishiwi. Nikabandika mpango mpya: kwanza breki.

Akaongeza jambo. Hataondoka mwisho wa mwezi. Atasubiri gari litembee na lisimame, kwa sababu hawezi kumwacha binti yake mikononi mwa mtu anayeanza na honi. Siku litakapotembea, siku hiyo hiyo atabeba begi lake.

Mke wangu akanitazama. Mimi nikalitazama gari. Kutu kila mahali. Matairi yamelala. Kuku ndani. Hili halitembei maisha haya. Nimekula sahani mbili. Kwa sababu ya biashara.

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Amekuja fundi. Anaitwa Bado Kidogo, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila swali, na sofa ya shangazi yangu ilikaa kwake mpaka shangazi akahama mji. Ndiye fundi niliyemtaka. Mtu wa magari na masofa, na hamalizi chochote.

Akafungua boneti, akanusa, akasema injini ni nzima kabisa. Kazi ya siku chache tu.

Nikamvuta pembeni nikamwomba asiharakishe. Akasema ameshaharakisha. Nikamwambia atazame vizuri, huenda kuna ubovu uliojificha. Akaniuliza mimi ni mteja wa namna gani. Katika maisha yake hajawahi kuombwa achelewe, na ameumia. Kumbe mzee alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, mikono mgongoni, kama anavyosimama dereva anayemsubiri mkubwa. Mbele ya macho hayo hata Bado Kidogo anafanya kazi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, nikatoa sababu ya tumbo. Mke wangu alikwenda sokoni kununua nyuzi. Fundi hajafika. Tukabaki wawili chini ya gari, mimi na baba mkwe, tumelala chali, na wa kupitishia maneno hayupo.

Mafuta ya breki yakanidondokea sikioni. Hatimaye mzee akaliambia gari: "Mwambie huyo anipe spana ndogo." Nikampa. Nikaliambia gari: mwambie baba hii nati haigeuki. Akaliambia gari: mwambie anaigeuza upande wa kukaza.

Tumefanya kazi hivyo asubuhi nzima. Gari ni mkalimani mzuri, haliongezi chumvi.

Baadaye mzee alisimulia kitu, bado kwa gari. Zamani, kila alipotumwa kulipeleka gari la mkubwa kuoshwa, alikuwa akipitia nyumbani. Mama mkwe alitoka na kitenge chake kizuri, akaketi kiti cha nyuma, na mzee akamzungusha mtaa mmoja tu. Mama alikuwa akipunga mkono kwa watu kama mke wa waziri. Watu nao walimpungia. Kisha anashuka, anarudi kwenye kufua.

Nikaliambia gari limwambie baba kwamba nasikitika. Mzee aliniachia spana mkononi na mkono wake ukakaa hapo kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Breki tayari. Fundi anasema kesho analiwasha.

Nimechukua hatua. Katika injini kuna kitu kinaitwa rota, kidude cheusi ukubwa wa kidole gumba, ndicho kinachogawa moto kwenye plagi. Bila hicho gari ni kabati. Nimekitoa wakati wanakunywa chai. Kimo ndani ya kiatu changu cha harusi, cha kulia. Viatu hivyo havinitoshi tangu nilipooa, hakuna atakayevigusa.

Narudia, hili halihusiani na mzee. Soko la maharusi bado halijaiva.

Jumamosi, 14 Juni

Fundi amejaribu mpaka betri ikaomba msamaha. Akafungua, akaona rota haipo. Akaapa kwamba jana ilikuwapo. Nilifikiri mzee angekasirika. Alikohoa tu, akaenda kumpa kuku maji.

Ili nisishukiwe, nikashuku. Nikaenda ukutani nikamshutumu Jirani wa Rimoti kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Nikasema wivu ni ugonjwa. Akajibu kwa utulivu kwamba kamera ya geti lake inaona mpaka kwenye boneti yangu, twende ndani tutazame pamoja, chai ipo.

Nikamwambia mimi napinga kamera kwa msingi wa falsafa. Nikarudi ndani. Nimeanza kumwandikia mhariri barua juu ya faragha.

Jumatatu, 16 Juni

Fundi ameleta rota nyingine kutoka kwenye makopo yake. Akaifunga. Akataka kuwasha. Plagi hazipo. Zote.

Plagi sikuchukua mimi.

Kwa hiyo mwizi yupo kweli. Nina hasira isiyo na mfano. Mtu anaingia uani kwangu, anafungua boneti yangu, anaiba vitu nilivyokuwa sijaamua bado kama nitaviiba. Nimefunga vifuniko vya sufuria kwa kamba chini ya boneti. Atakayeigusa ataamsha mtaa. Mke wangu akauliza atapikia nini. Nikamwambia huu ni wakati wa kujitolea. Akasema anajitolea tangu harusi.

Jumatano, 18 Juni

Kulipoanza kupambazuka, vifuniko vikalia. Nilifika upesi kwa kuwa tayari nilikuwa mlangoni na spana, nakwenda kulegeza waya wa betri.

Alikuwa baba mkwe. Koti la kazi, tochi mdomoni, rota ya fundi mkononi.

Tulitazamana. Akatoa tochi mdomoni na kusema anasafisha. Vitu hivi hushika vumbi. Plagi nazo amezichukua kuzisafisha, zimo mfukoni. Nikashusha pumzi. Mzee ni msafi mno, hilo nalijua. Kisha akaniuliza spana ya nini saa hizi. Nikasema nafanya mazoezi ya mkono. Akasema ni vizuri, mtu wa umri wangu.

Ndiyo mazungumzo marefu zaidi tuliyowahi kufanya ana kwa ana. Nimerudi kitandani nimefarijika sana. Hakuna mwizi.

Alhamisi, 19 Juni

Chakula cha jioni. Mke wangu hakuleta chakula. Alileta sinia. Juu yake: rota yangu, rota ya fundi, plagi zote, na mkanda wa feni.

Nikauliza mkanda wa feni umetoka wapi. Akasema kwenye droo ya cherehani yake, yeye ndiye aliyeutoa, tangu Jumanne, na sisi mabingwa wawili hata hatujaona kwamba haupo. Rota yangu aliikuta akipiga viatu rangi. Plagi na rota ya fundi alizikuta akifua koti la baba.

Kisha akasema amechoka. Tangu aolewe yeye ni simu. Mwambie mumeo, mwambie baba. Akamgeukia mzee. "Baba, hutaki kuondoka. Basi kwa nini unaondoka?"

Mzee akasema kwamba nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe hajawahi kumwambia akae.

Wote wakanitazama. Mke wangu akasema ni maneno mawili tu: baba, usiondoke. Hata mtoto anayaweza.

Nikasimama. Nimezungumza mbele ya kumbi zilizojaa watu, nimewahi kuzomewa na nikaendelea. Nikafungua mdomo. Nikasema: "Baba, plagi ya tatu naona imechoka."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Imechoka kweli, akasema. Akaenda kulala.

Mke wangu amelala akiupa ukuta uso. Mimi nimepewa mgongo, na ni haki yangu.

Jumamosi, 21 Juni

Limewaka. Fundi alilia kidogo, hajawahi kumaliza kitu.

Mzee aliketi kwenye usukani bila kumwomba mtu. Mimi kando yake. Mke wangu nyuma, kuku na vifaranga vyake kwenye kikapu mapajani. Tulizunguka mtaa mmoja. Gari lilikwenda taratibu kama limebeba maji hadi ukingoni. Kwenye kona akakanyaga breki na gari likasimama pale pale, hata kifaranga hakuyumba. Sikusema kitu kuhusu honi.

Tulipopita nyumba ya mshonaji mwenzake, mke wangu akapunga mkono. Hakuwa akijua kisa cha mama yake, mimi sikuwa nimemwambia. Alipunga tu. Mzee akamwona kwenye kioo. Akaegesha pembeni, akazima injini, akasema kuna vumbi jichoni. Tukasubiri vumbi litoke. Jirani wa Rimoti alipita na gari lake jipya, akapunguza mwendo, akafungua kioo. Nikajiandaa kwa vita. Akasema: "Limependeza, bwana." Akaenda zake. Hakuna kinachoudhi kama huyu mtu.

Jioni nimeona begi la mzee karibu na mlango wa chumba chake. Anasema kesho atalichukua gari akaitazame nyumba yake.

Jumapili, 22 Juni

Asubuhi nilifanya mazoezi bafuni. Baba, usiondoke. Mbele ya kioo nayasema vizuri, kwa lafudhi safi.

Nilimkuta ameinama ndani ya boneti, anapima oili. Nikasimama upande wa pili. Maneno yakakwama pale pale yanapokwama siku zote. Nikaweka mkono juu ya bodi, bado ilikuwa na baridi ya asubuhi. Nikaliambia gari: "Mwambie baba asiondoke. Vitabu vyangu havihitaji chumba. Mwambie sijui breki, na kuna mambo mengine mengi siyajui."

Kijiti cha oili kikafutwa polepole sana.

"Mwambie nimesikia," mzee akaliambia gari. "Mwambie nakwenda kuchukua redio yangu na koti la mvua. Begi ni tupu, la kubebea. Mchana nakwenda, jioni nimerudi. Mwambie aache kulia juu ya rangi, ataiharibu."

Akaingia ndani kunywa chai. Nilimsikia akimwambia mke wangu kitu, na mke wangu akicheka, na cherehani ikianza kukimbia kama zamani.

Kwa hiyo yamekwisha. Mzee anabaki, amesema mwenyewe, na ni mtu asiyesema uongo. Namwamini kabisa, mia kwa mia.

Rota nimeitoa. Tahadhari tu. Safari hii nimeificha kwenye kiatu cha kushoto, ambako mke wangu hawezi kufikiria.