Fulana Chini ya Koti

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekuwa mtu wa maana. Mama Mwenyekiti kanikabidhi pipa la rangi. Kwenye jumuiya yetu ya kugawa nguo kwa wasiojiweza, pipa si mchezo. Kila fulana ya chama inayoletwa lazima itumbukizwe kwenye rangi nyeusi kabla haijamfikia mtu. Siasa hapa ni mwiko, na uchaguzi uko mlangoni. Muuguzi, anayepanga nguo za watoto, kasema mikono yangu itakuwa myeusi hadi viwiko. Kasema akicheka. Hakuna mwanamke aliyenichekea tangu mke wangu afungashe virago.

Nyumbani nimepika wali wa watu wawili, kwa mazoea. Nimeula wote.

Jumatano, 5 Juni

Dereva wa jumuiya naye anamzengea Muuguzi. Anambebea maboksi. Ana kifua kama kabati. Mimi kifua sina, kwa hiyo natumia akili.

Nimepeleleza. Wifi yake Muuguzi anauza sabuni nyuma ya ukumbi. Kaniambia mumewe, yaani kaka wa Muuguzi, anagombea kwa chama cha kijani. Nikauliza kama Muuguzi naye ni wa kijani. Akajibu familia nzima ni ya kijani, kasoro paka. Nimenunua sabuni nisizozihitaji, lakini mlango nimeupata.

Alhamisi, 6 Juni

Imeletwa fulana ya kijani. Mpya kabisa. Kaka mtu yupo mbele, anatabasamu kifua kizima. Nimeitazama. Imenitazama. Haikuingia kwenye pipa.

Mpango: Jumamosi naivaa chini ya koti. Nikiwa karibu na Muuguzi, nafungua kifungo. Aone yeye tu, ajue sisi ni damu moja. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Vifungo viwili vinatoa pua ya mgombea. Kimoja kinatosha.

Jumamosi, 8 Juni

Joto la kufa mtu. Mimi na koti. Jasho linanitoka hadi kwenye soksi. Mama Mwenyekiti akauliza kama naumwa. Nikasema nasikia baridi.

Nilisahau kwamba Muuguzi ni muuguzi. Akaacha nguo za watoto, akaja kunishika paji la uso. Mkono wake laini. Akaniambia nivue koti. Nikakataa. Akasisitiza. Dereva, kwa ule wema wake usioombwa, akanishika kwa nyuma akalivua lote.

Ukumbi mzima ukamwona kaka mtu.

Kwenye foleni wengine wakapiga makofi, wengine wakazomea. Bibi mmoja akasema hachukui nguo za chama, akamshika mjukuu wake mkono wakaondoka bila kitu. Hilo limeniuma kweli. Mama Mwenyekiti kaninyang'anya pipa. Nisikanyage ukumbini mpaka uchaguzi upite.

Muuguzi alirudi kukunja nguo za watoto.

Jumapili, 9 Juni

Muuguzi kaja mwenyewe kunirudishia koti. Nikatoa vikombe viwili haraka. Hakuingia.

Akasimama mlangoni akanieleza. Kaka yake hamsemeshi tangu alipokataa kumpigia debe. Hata kwenye msiba wa mama yao walikaa mbali mbali. Jumuiya ndiyo mahali pekee ambapo haulizwi yeye ni wa rangi gani. Halafu akasema alikuwa amepanga kunialika chai leo, maana alisikia na mimi nakula peke yangu. Sasa ameona aache kwanza.

Akatundika koti kwenye kitasa, akaenda zake. Nilibaki nasikiliza viatu vyake mpaka vikaisha.

Nimeosha vikombe vyote viwili, ingawa kimetumika kimoja. Kisha nimekaa. Kila Jumamosi pale ukumbini ilikuwa siku yangu ya kuulizwa habari za nyumbani. Sasa hakuna wa kuniuliza. Nimelia kidogo, nakiri.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka mwepesi. Nilikuwa kipofu! Muuguzi anachukia siasa. Mlango ndio huo.

Nitaanzisha umoja wa wanaochukia siasa. Mimi mwenyekiti, yeye katibu, Dereva hapewi kadi. Asubuhi nimekwenda kwa fundi cherehani kuagiza fulana zetu. Kauliza rangi gani. Nimechagua zambarau.

Mbele itakaa picha yangu, natabasamu.